Seva Iliyotangulia Wakati

Tuseme mapema, asije mtu akasoma huku roho iko juu: Shangazi ni mzima. Anakula, analala, na juzi alimkaripia fundi bomba mpaka maskini akaondoka akasahau spana yake. Ndiyo maana habari hii leo inasimulika kwa kicheko. Siku yenyewe hakuna aliyecheka, na Mama Waya ndiye wa mwisho ambaye ungemkuta na meno nje.

Mama Waya ni fundi wa kompyuta wa hospitali. Hana mtoto, wala hajawahi kuwa na haraka ya kumpata. Hilo jina kapewa na manesi kwa sababu haonekani bila waya, kama si shingoni basi mfukoni. Ofisi yake iko nyuma ya stoo ya mashuka. Ina meza, feni, seva moja nyeusi, ile kompyuta kuu inayolisha nyingine zote, inayovuma mchana kutwa, na dirisha lisilofunguka kwa kuwa kuna mtu, Mungu amsamehe, alilipaka rangi likiwa limefungwa. Ukimwita mtaalamu ananuna. Mtaalamu, kwa maelezo yake, ni yule anayevaa tai ili akwambie haiwezekani.

Alilelewa na Shangazi, dada wa baba yake, aliyekuwa opereta wa simu enzi zile ambapo ukitaka kuongea na mtu wa mbali ilibidi upitie kwa binadamu. Wakati wa likizo Shangazi alimchukua kazini, akamkalisha chini ya ubao wa plagi za kuunganishia simu, na mtoto akachezea vipande vya waya mpaka jioni. Basi ugonjwa wa waya ukamwingia huko huko. Shangazi mwenyewe alikuwa na mambo mawili ya kujivunia na hakuyafichia mtu. La kwanza kichwa chake, kilichobeba namba za simu za mji mzima na bado kinazo, ingawa nyingi ni za watu waliokwisha kuhama. La pili saa yake ya mkono, ya kutia ufunguo, ambayo kila asubuhi huisahihisha kwa mlio wa redio kabla ya taarifa ya habari. Hajawahi kuisahihisha kwa saa ya mtu mwingine. "Saa ya mtu ni maoni yake," husema.

Na kuna kitu kimoja anachokiogopa. Mama yake mzazi alimaliza miaka yake ya mwisho akiwaita watoto wake kwa majina ya majirani. Shangazi ndiye aliyemuuguza. Mambo hayo hapendi kuyazungumza, lakini akisahau tu alikoweka miwani, nyumba nzima inajua, kwa jinsi anavyonyamaza.

Sasa twende hospitalini. Hospitali yao si kubwa. Ilipata mashine ya CT, ile inayopiga picha ya ndani ya kichwa kipande kwa kipande, ila haikupata mtu wa kuzisoma. Daktari bingwa wa picha yuko mji mwingine, mbali, anazisomea hospitali nyingi. Katikati yake na mashine kuna kampuni ya huduma ya wingu, yaani kompyuta za watu wengine zilizo mahali usipopajua, zinazopokea picha na kumfikishia bingwa kwenye kioo chake. Na katikati ya mashine na hilo wingu kuna skripti ya Mama Waya.

Skripti ni maagizo tu, kurasa chache, aliyoyaandika mwenyewe akayaweka kwenye seva. Hayana kitufe, hayana mapambo, hakuna daktari wala mgonjwa aliyewahi kuyaona. Picha mpya ikitua kwenye seva, skripti inakwenda kubisha kwenye API ya kampuni, ambayo Mama Waya huwaeleza manesi kuwa ni mlango wa nyuma: watu hawapiti, zinapita mashine peke yake. Inaandika ombi, kwamba mimi ni hospitali fulani, nina picha hizi, naomba uzipokee. Halafu inatia sahihi kwa ufunguo wa siri. Wingu linaikagua sahihi, linajibu ndiyo, na picha zinaondoka. Mwaka mzima lilikuwa linajibu ndiyo, mpaka watu wakasahau kwamba kuna anayeuliza.

Jumatatu hiyo ilianza kwa malalamiko ya mashine ya kidole. Pale mlangoni kuna mashine ya mahudhurio. Unaweka kidole, inaandika saa uliyofika. Aliileta katibu wa hospitali, na anaipenda kuliko wafanyakazi wote kwa pamoja. Akiwa hayupo wanamwita Mzee Dakika. Asubuhi hiyo kila aliyeweka kidole alikuta kachelewa. Hata mpishi, na mpishi yule hajawahi kuchelewa tangu azaliwe. Mama Waya mwenyewe aliandikwa mchelewaji, akalaumu foleni ya barabarani, akapita. Mama wa usafi alimfuata mpaka ofisini na ndoo yake mkononi.

"Mama Waya, mashine yako inatusingizia."

"Si yangu, ni ya Mzee Dakika. Na kila mchelewaji husingiziwa, dada yangu."

Akaendelea na chai yake. Maneno hayo yalikuja kumkwama kooni baadaye.

Chai yenyewe hakuimaliza. Simu ililia, na jirani wa Shangazi akamwambia wako getini, Shangazi ameanguka bafuni. Alimkuta kwenye machela, kitambaa kichwani, damu kidogo kwenye kola ya gauni. Alikuwa ameteleza, kisogo kikagonga ukingo wa sinki.

"Usinitazame mimi," Shangazi alimwambia. "Tazama unapokanyaga, usije ukaanguka na wewe."

Kwa umri wake, na kwa vile anatumia vidonge vya kulainisha damu kwa ajili ya moyo, daktari hakutaka mchezo. Alikuwa dada mmoja mtulivu, si mtu wa maneno mengi. Picha ikapigwa palepale. Kisha akamwita Mama Waya pembeni, akamwonyesha kioo.

"Hapa kuna kivuli. Inaweza kuwa damu, inaweza kuwa mfupa tu umetoka vibaya kwenye picha. Sijui, na sitajifanya najua."

"Ikiwa damu?"

"Atahitaji kupasuliwa, na hapa hatupasui kichwa. Tunamweka kwenye gari la wagonjwa tunaondoka. Barabara unaijua."

Mama Waya aliijua. Ilikuwa imechimbwa yote, inatengenezwa kwa mwaka wa pili, mashimo matupu.

"Ikiwa si damu," daktari aliendelea, "kumrusharusha kule njiani ndiyo tutamuumiza sisi wenyewe. Nataka bingwa aseme. Ikifika saa sita hajasema, naondoka naye, liwalo na liwe." Aliposema hivyo aliangalia saa ya ukutani.

"Picha zitakuwa zimeshafika kwake," alisema Mama Waya, na alisema kwa kujiamini, kwa sababu skripti ni yake.

Hazikufika. Kwenye kioo cha seva kulikuwa na jibu la wingu, kavu kabisa: Ombi limekataliwa. Sahihi si halali.

Akajaribu tena. Jibu lilelile. Mtandao ulikuwepo, kurasa nyingine zilifunguka bila shida. Akadhani ufunguo wa siri umeisha muda wake, akaingia kwenye ukurasa wa kampuni, akatengeneza mpya, akaupachika kwenye skripti, akaukagua herufi kwa herufi. Sahihi si halali. Akapiga simu ya huduma kwa wateja. Sauti nyororo ya mashine ikamwambia kwamba yeye ni mtu muhimu sana kwao, halafu ikampigia muziki. Alikata simu na kuitamkia maneno ambayo Shangazi angeyasikia angesahau maumivu yake akamfuata na kandambili.

Utasema, si wangepiga picha ya kioo kwa simu wakaituma? Walifanya. Daktari alipiga, akamtumia bingwa, na bingwa akajibu kwa adabu kwamba kwa picha hizo hawezi kusema lolote, anahitaji zile zenyewe na vipande vyake vyote.

Mama Waya aliogopa, tusipambe. Kazi hii aliisomea kwa nauli alizopewa na Shangazi, na skripti hii aliwahi kumsomea Shangazi mezani, mstari kwa mstari, naye akaisikiliza kama taarifa ya habari. Sasa mtu huyo amelala wodini anasubiri, na kilichokwama ni kazi ya mikono ya mtoto wake mwenyewe.

Akiwa bado anakodolea macho yale majibu, mlango ukafunguliwa. Alikuwa nesi wa wodi, binti mpole, na sura yake haikuwa nzuri.

"Mama Waya, njoo. Shangazi yako ameanza kuchanganyikiwa."

Walikwenda karibu wanakimbia. Daktari alikuwa tayari kando ya kitanda, dereva wa gari la wagonjwa amesimama mlangoni na funguo. Shangazi alikuwa amegeukia ukuta, shuka hadi shingoni, hasemi na mtu.

"Tunaondoka sasa," daktari alisema. "Kichwa kikianza kuchanganya mambo, sisubiri saa sita."

"Amechanganya nini?"

Nesi ndiye aliyejibu. "Huwa tunauliza maswali madogo. Jina lake kasema. Leo siku gani kasema. Hapa ni wapi kasema, na akaongeza kwamba mapazia yetu yanataka kufuliwa. Nikamuuliza sasa ni saa ngapi. Akaangalia mkononi, akasema saa tano kasoro dakika tano. Mimi naangalia ukutani, ni saa tano na robo. Nikamuuliza tena. Akaangalia saa yake, akaangalia ukutani, akanyamaza. Nikaandika. Tangu hapo hajafungua mdomo."

"Saa yake umeitazama?"

"Kaficha mkono ndani ya shuka. Hataki kuguswa."

"Shangazi hakosei saa," alisema Mama Waya.

Nesi alimshika bega. "Kila mtu humsemea wake hivyo."

Ni kweli, kila mtu husema hivyo. Lakini si kila mtu amelelewa na mwanamke anayemnyamazisha kila mtu asubuhi ili asikie mlio wa redio. Kichwa cha Shangazi kingeweza kuharibika, hilo Mama Waya alikuwa tayari kulikubali, japo kwa machozi. Ile saa, hapana. Akatoa simu yake mfukoni. Saa tano kamili, imepita kidogo sana. Akainua macho ukutani. Saa ya wodi ilikuwa mbele kwa dakika ishirini nzima.

Akamkumbuka mpishi. Akamkumbuka mama wa usafi na ndoo yake. Akakumbuka kwamba mashine ya kidole haina saa yake yenyewe, inaazima ya seva. Na kwamba kwenye kioo cha seva, kila jibu la kukataliwa lilikuwa na saa yake pembeni, naye asubuhi yote aliziona zile saa bila kuzitazama.

Kwa sababu sahihi ya ombi haiandikwi kwa ufunguo wa siri peke yake. Skripti hutia ndani yake na saa ya kuandikwa. Wingu likikuta saa hiyo haiendani na ya kwake, linalitupa ombi, kwa kuhofia wezi wanaoiba ombi la zamani na kulituma upya. Dakika chache linasamehe, ishirini halisamehi. Na ombi la Mama Waya wala halikuwa la zamani. Lilikuwa limeandikwa kwa saa ambayo haijafika. Wingu lilikuwa linaletewa barua ya baadaye, na ukiliangalia kwa haki, lilikuwa na kila sababu ya kukataa.

"Dokta," alisema, "aliyechanganyikiwa ni saa yenu. Dereva asubiri. Hiyo saa sita yako haijakaribia kama unavyodhani, nipe hiyo tofauti."

Daktari alitazama simu yake mwenyewe, akatazama ukuta, akamwashiria dereva asubiri. Mama Waya alikuwa ameshatoka, waya ukiburuzika nyuma yake.

Ofisini alifungua mpangilio wa saa wa seva. Ile tiki inayoiambia seva ichukue saa yake mtandaoni ilikuwa imeondolewa. Mtu wa kuiondoa lazima awe na neno la siri, na neno hilo wanalo watu wawili dunia nzima. Wa pili alikuwa anaingia mlangoni dakika hiyo hiyo, miwani puani, suti ya kijivu.

"Hiyo saa usiiguse," alisema Mzee Dakika.

"Ni wewe uliyeisogeza?"

"Jana jioni. Na za ukutani zote, mlinzi alinishikia ngazi." Alikuwa na fahari, hilo lazima lisemwe. "Nimeliwaza jambo hili muda mrefu. Ukiwaambia watu wawahi, hawawahi. Ukiisogeza saa, wanawahi wenyewe bila kujua."

"Nani amewahi leo?"

"Wangewahi kesho."

Siku nyingine Mama Waya angevunjika mbavu kwa kucheka. Siku hiyo alimgeukia na kiti chake, na hasira aliyokuwa ameimeza tangu asubuhi ikapata mwenyewe. "Mzee, Shangazi yangu yuko wodini amepasuka kichwa. Picha yake haimfikii bingwa kwa sababu ya hiki ulichokifanya. Nesi amemwandika amechanganyikiwa kwa sababu ya hiki ulichokifanya. Nusura wamsukume barabarani. Hukujua, sawa. Lakini mlango wangu uko hapa, na hukuuliza."

Mzee Dakika akavua miwani. Hakuna aliyewahi kumwona bila miwani, na bila miwani alionekana mzee zaidi. "Sikujua kama inahusiana na picha," alisema taratibu. Akarudi nyuma hatua, akaacha njia.

Mama Waya akairudisha tiki. Saa ya seva ikaruka nyuma. Akaiamsha skripti kwa mkono, akasubiri huku amefumba jicho moja.

Ombi limepokelewa.

Kisha vipande vya picha vikaanza kuondoka, kimoja nyuma ya kingine, na kila kimoja wingu likakijibu ndiyo.

"Zinakwenda?" aliuliza Mzee Dakika kutoka mlangoni.

"Zinakwenda."

Mzee akarudisha miwani puani. Akatoka, na baadaye watu walimwona anavuka uwanja amebeba ngazi mwenyewe, suti na yote, bila kumwita mlinzi.

Bingwa alimpigia daktari kabla chai ya saa nne iliyosahaulika haijatolewa mezani. Ilikuwa mfupa. Hakuna damu. Abaki alipo, alale, aangaliwe mpaka kesho. Daktari alimkuta Mama Waya koridoni, amesimama kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu, akamwambia kwa maneno hayo hayo machache. Mama Waya aliteleza ukutani mpaka chini, akakaa sakafuni, akacheka na kulia kwa wakati mmoja, na mama wa usafi aliyekuwa anapita na ndoo akaiweka chini akakaa naye. Nje dereva alizima gari.

Aliposimama, alikwenda kwa Shangazi. Bado alikuwa amegeukia ukuta.

"Shangazi, bingwa amesoma. Hakuna damu. Kichwa ni kizima."

Shangazi akaongea bila kugeuka, kwa sauti ndogo ambayo Mama Waya hakuwahi kuisikia kwake. "Kichwa kizima kinakosea saa? Usinibembeleze, mwanangu. Nilimwona yule binti alivyoandika. Mama naye alianza hivyo hivyo."

Kumbe alikuwa amelala na hilo muda wote. Si kisogo kilichomuuma, wala barabara haikumtisha. Alikuwa ameangalia saa yake, akaangalia ya ukutani, na kwa mara ya kwanza maishani akaiamini ya ukutani.

"Shangazi, nisikilize. Saa ya ukutani ilikuwa mbele. Katibu aliisogeza jana ili watu wawahi kazini. Na kwenye seva akaisogeza, ndiyo maana picha yako ilikuwa inakataliwa. Nimelijua hilo kwa sababu ya saa yako. Hospitali nzima leo, aliyekuwa sahihi ni wewe peke yako."

Shangazi aligeuka polepole. "Rudia."

Akarudia. Mkono ukatoka ndani ya shuka na saa yake, ukamshika Mama Waya kidole na kukiminya. Shangazi hakulia, si tabia yake.

Ngazi iligonga mlango. Mzee Dakika akaingia, akaiegemeza chini ya saa ya wodi, akapanda bila kumtazama mtu usoni. Alipofika juu akaanza kujipapasa mifuko. Simu alikuwa ameisahau ofisini.

"Rudisha nyuma," alisema Shangazi kutoka kitandani, macho kwenye saa yake. "Tena. Umepitiliza, ipeleke mbele kidogo. Hapo. Iache hapo."

"Asante, mama," alisema Mzee Dakika kwa upole, akashuka.

"Na hayo mapazia?"

"Yatafuliwa leo, mama."

Alipotoka, Shangazi akamwambia Mama Waya amwite yule nesi. Mama Waya akauliza wa nini. "Wewe mwite tu," akajibu. Nesi akaja, karatasi ya mgonjwa mkononi, ameshasikia habari na ameona aibu.

"Niulize tena," alisema Shangazi.

Nesi akamtazama Mama Waya, kisha akavuta kiti akakaa, akauliza vizuri kama mara ya kwanza. "Mama, sasa ni saa ngapi?"

"Saa sita kasoro robo."

Nesi akakata mstari juu ya alichokuwa ameandika, akaandika kipya. Shangazi aliuangalia mkono wake mpaka kalamu ilipotua, ndipo akafumba macho, akalala.